Shajara ya Mradi wa Vyuma vya Meno: Wiki Saba za Kwanza

Ijumaa, 31 Mei 2024

Kwa miaka mingi nimesimamia ujenzi wa barabara na madaraja madogo, na kazi hiyo imenizoesha kuandika kila jioni kilichofanyika, kilichoharibika na kinachosubiriwa kesho yake. Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la sita, na wiki ijayo ataanza kuvaa vyuma vya meno. Meno yake ya juu yamebanana kiasi kwamba chonge la kulia limeota juu kwenye ufizi kwa kukosa nafasi, na daktari bingwa wa kupanga meno ametueleza kuwa matibabu yatachukua kati ya miezi 18 na 24. Kuyapanga meno ni kazi ya daktari. Mradi ninaouandikia shajara hii ni wetu wa nyumbani: mtoto ale, alale, asome na aendelee kutuamini katika siku ambazo kinywa chake kinauma.

Tumechagua likizo ya Juni ili siku ngumu za mwanzo zisimkute darasani. Daktari bingwa yuko Dar es Salaam nasi tuko Tanga, kilometa zipatazo 350 kwa barabara, hivyo kila jambo dogo litakaloharibika itatubidi kwanza tuweze kulituliza wenyewe.

Jumamosi, 1 Juni

Daktari wa meno wa hapa Tanga, kwa maelekezo ya daktari bingwa, amemwekea vipete vya mpira katikati ya magego ili yaachane kidogo na kupisha pete za chuma zitakazovalishwa wiki ijayo. Njiani aliniuliza kama vitauma, nikamjibu, "Wala, hata hutasikia." Nilisema hivyo kwa nia njema, na hilo ndilo kosa la kwanza la mradi huu. Ilipofika saa mbili usiku alikuwa ameshika shavu, anaeleza kwamba anahisi kana kwamba nyama imenasa kwenye magego na haitoki. Nilipomwambia avumilie kidogo, alinitazama akasema, "Baba, si ulisema sitasikia?" Kisha akageukia ukutani.

Mama yake alimpa uji wa mchele uliopoa, akanywa nusu kikombe. Mimi nilikaa sebuleni nikitafakari kwamba kwenye ujenzi, fundi akinidanganya mara moja kuhusu vipimo, siku inayofuata sipokei hata vile alivyovipima sawasawa.

Jumanne, 4 Juni

Maumivu ya vipete yamekwisha karibu yote. Jana nilimpigia simu daktari bingwa na kumwomba anieleze maumivu ya vyuma kwa saa na siku, kama ratiba ya kazi, maana nilitaka kumpa mtoto taarifa sahihi kabla hatujasafiri. Alinieleza kwa subira. Siku waya unapofungwa, saa chache za kwanza huwa na shinikizo tu. Baada ya takriban saa nne maumivu yenyewe huanza. Hufikia kilele ndani ya siku moja hadi mbili. Kisha hushuka, na kwa watoto wengi hupungua sana kufikia siku ya tano au ya saba. Aliongeza kwamba midomo na mashavu yana ratiba yake tofauti, kwa sababu ngozi laini ya ndani inahitaji wiki mbili au zaidi kuzoea kusuguana na chuma.

Leo baada ya chakula cha mchana nilimwomba binti yangu radhi kwa lile jibu la Jumamosi. Nikamweleza yote niliyoambiwa, pamoja na sababu yake. Jino halikugandishwa kwenye taya kama nguzo kwenye zege. Limeshikwa na nyuzi fupi sana zinazoliunganisha na mfupa, na tabaka hilo la nyuzi lina unene wa karibu robo ya milimita. Waya unaposukuma jino, nyuzi za upande mmoja hubanwa na za upande wa pili huvutwa. Kwenye upande uliobanwa mwili hutoa kemikali zinazoleta uvimbe, chembehai zikaanza kuumeng'enya mfupa, na kule nyuma chembehai nyingine hujenga mfupa mpya ili jino lisibaki likicheza. Kwa hiyo maumivu hayo yanatoka mahali ambapo mfupa unabomolewa na kujengwa upya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa kwa mwezi jino linatembea kiasi gani?" Nikamwonyesha kwenye rula: kwa kukadiria, milimita moja hivi.

Tumekubaliana pia namna ya kupima. Bibi yake alitoa kete kumi kutoka kwenye bao lake na kikombe kidogo cha kahawa. Asubuhi na jioni mtoto ataweka kwenye kikombe kete anazoona zinalingana na maumivu yake, kuanzia sufuri hadi kumi, bila kulazimika kusema neno, nasi hatutabishana na kikombe.

Jumamosi, 8 Juni, Dar es Salaam

Vyuma vimefungwa. Kazi yenyewe ilichukua saa moja na nusu na haikuhitaji sindano ya ganzi. Meno yalisafishwa, yakakaushwa, yakapakwa asidi laini ya kuyakwaruza kidogo ili gundi ishike, kisha kila jino likabandikwa kishikizo chake cha chuma, na gundi ikakaushwa kwa taa ya bluu. Mwishoni ulipitishwa waya mwembamba wa nikeli na titani, ukafungwa kwa vipete vya mpira ambavyo alichagua mwenyewe viwe vya rangi ya bahari.

Jambo moja liliniudhi, na ninaliandika kwa sababu linahusu kiini cha mradi huu. Machozi yalipomtoka wakati pete za magego zinasukumwa, mhudumu mmoja alimwambia, "Mtoto mkubwa hivyo unalia?" Daktari alisitisha kazi, akamwambia mtoto kwamba hatua ile ina shinikizo kubwa kuliko zote na imebaki pete moja tu, kisha akahesabu kwa sauti hadi kumi huku akisukuma. Mtoto alitulia papo hapo. Kilichomtuliza ni kujua imebaki kiasi gani.

Kabla ya kuondoka niliomba vijiboksi vinne vya nta ya vyuma, ile inayobandikwa juu ya chuma kisiukwaruze mdomo, badala ya kimoja, kwa kuwa maduka mawili ya dawa ya Tanga niliyouliza hayakuwa nayo.

Kikombe: saa sita mchana, kete 2. Saa kumi jioni, saa ile ile aliyoitaja daktari, kete 4. Saa tatu usiku, kete 6.

Kuhusu dawa, daktari alituelekeza tutumie parasetamoli, na tuanze kabla maumivu hayajapanda. Kwa mtoto dozi hukadiriwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Yeye ana kilo 36, hivyo kidonge kimoja cha miligramu 500 kinamtosha, kila baada ya saa sita, na visizidi vinne kwa siku. Aspirini hapewi mtoto kabisa. Ibuprofeni nayo inatuliza, lakini kwa kuwa inapunguza zile kemikali za uvimbe zinazosaidia jino kusogea, daktari wetu anapendelea tusiifanye kuwa ya kwanza. Nimebandika karatasi ukutani kwa shangazi yake tulikofikia, na kila kidonge kinaandikwa saa yake, ili mama yake na mimi tusije tukampa mara mbili.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya kilele. Asubuhi kete 7, jioni kete 8. Hakuweza kukutanisha meno ya juu na ya chini hata kwa ndizi iliyoiva. Shangazi yake alimtengenezea uji wa mchele kwa tui la nazi, na mchana viazi vilivyopondwa vikalainishwa kwa mchuzi wa samaki. Alivila kwa kijiko kidogo, akibana chakula kati ya ulimi na kaakaa bila kutafuna.

Tumegundua jambo kuhusu joto. Asubuhi alikunywa chai ya moto, akanyanyua kikombe cha kahawa na kuongeza kete moja. Mchana alikunywa mtindi kutoka kwenye jokofu, akatoa mbili. Nilimpigia daktari, akafafanua kwamba waya wa aina hii hukaza zaidi unapopata joto na hulegea kwa muda unapopoa, hivyo maji ya baridi yaliyoshikiliwa mdomoni kwa dakika chache ni nafuu ya kweli. Barafu asiitafune, kwa sababu vishikizo vitabanduka.

Usiku aliamka saa nane. Sikumwambia kwamba hauumi wala kwamba utaisha upesi. Nilimwambia, "Mama, hapa ndipo penye kilele, palepale daktari alipotuambia, na kuanzia kesho jioni utaanza kutoa kete." Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba kwa watoto wengi ndivyo inavyokuwa, na ikiwa kwake itakuwa tofauti nitamwambia ukweli na tutampigia daktari pamoja. Alilala na mto wa pili chini ya kichwa.

Jumanne, 11 Juni

Jana jioni kete 5, leo asubuhi 4. Alitoa kete yeye mwenyewe, akazipanga mezani mbele yangu moja moja bila kusema kitu. Tumerudi Tanga kwa basi la asubuhi. Kukaa siku mbili za ziada Dar kumegharimu nauli na posho, lakini nikikumbuka hali ya Jumapili naona kumsafirisha mtoto kwa saa sita siku ile kungekuwa ukatili.

Alhamisi, 13 Juni

Meno yametulia, na sasa midomo imeanza. Kishikizo cha chonge, lile lililo juu, kinachimba ndani ya mdomo na kumeshatokea kidonda cheupe chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kikombe kimoja hakikutosha tena, kwa hiyo bibi ametoa cha pili: kimoja cha meno, kimoja cha midomo. Leo asubuhi meno yalikuwa kete 2, midomo kete 6. Kutenganisha huku kumetusaidia, maana dawa ya kumeza inayafaa meno zaidi, na midomo inahitaji nta.

Kuna makosa mawili ya kuandikwa. La kwanza ni langu: nilileta machungwa ya Muheza, yako katika msimu wake na ni matamu, nikamkamulia glasi moja. Funda la kwanza tu lilimchoma kidonda hadi akalitema. Matunda yenye ukali yameahirishwa hadi midomo ipone. Papai na parachichi yanatosha. La pili lilizuiwa kabla halijatokea. Bibi alitaka kumpaka mafuta ya karafuu, dawa aliyoitumia maisha yake yote kwa jino linalouma. Yanatia ganzi kweli, lakini daktari alituonya kwamba mafuta hayo yakipakwa bila kuchanganywa yanaweza kuunguza ufizi na kidonda. Nilimweleza mama yangu kwa heshima, naye akasema, "Basi mjukuu wangu atasukutua kwa chumvi, hilo nalo ni langu." Kwa hiyo kila baada ya chakula anamchanganyia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, na anasimama naye kwenye sinki mpaka amalize.

Nta yenyewe ilitushinda siku mbili. Tulikuwa tunaibandika, na dakika kumi baadaye inaelea kwenye ulimi. Leo jioni tumekaa mbele ya kioo tukafanya polepole. Kwanza alipiga mswaki, maana nta haishiki juu ya mabaki ya chakula. Akavuta mdomo wa juu kwa kidole, nikakausha kishikizo kwa pamba safi mpaka kikaacha kung'aa kwa mate. Akakata nta ya ukubwa wa punje ya choroko, akaiviringisha kati ya vidole mpaka ikalainika kwa joto la mkono, akaiweka juu ya kishikizo na kuibonyeza pembeni, juu na chini, ili iushike waya pia. Kisha akauachia mdomo, akaukunja, akautandaza, akasema, "Imekaa." Ilikaa hadi wakati wa kulala. Kuanzia sasa kazi hii ni yake, mimi ninashika tochi.

Jumatatu, 17 Juni, Idd el-Hajj

Nilikuwa na wasiwasi na siku hii kwa sababu ya nyama. Bibi alifikiri kabla yetu: mbali na pilau ya wageni, alipika sufuria ya bokoboko, ngano na nyama vilivyochemshwa na kupigwa mwiko mpaka vikawa kitu kimoja laini kama uji mzito, na kuimiminia samli juu. Watoto wote waliitaka, hivyo binti yangu hakula chakula cha mgonjwa peke yake pembeni, na hilo naamini lilimfaa kuliko ulaini wenyewe.

Orodha ya vilivyokatazwa imebandikwa jikoni: mahindi ya kuchoma, karanga na korosho, kashata, ubuyu, miwa, mifupa, pipi ngumu, na bazoka ya aina yoyote. Binamu zake walimletea ubuyu, akaupokea kwa adabu, akampa mdogo wake. Nilimwona akiuangalia.

Meno kete 1, midomo kete 3.

Jumatatu, 24 Juni

Usiku wa jana tumepata mkasa wetu wa kwanza wa kiufundi. Meno yanaposogea, waya huteleza kidogo na ncha yake huweza kutokeza nyuma ya gego la mwisho. Saa nne usiku aliniamsha, ameshika shavu la kushoto, na kwenye tochi niliiona ncha: fupi, haifiki hata milimita mbili, imeuchoma shavu kila alipofumba mdomo. Kikombe cha midomo kilikuwa na kete 9, nyingi kuliko siku zote.

Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuzungumza juu ya jambo hili kabla halijatokea, hakuna aliyehangaika. Nilipiga picha kwa simu nikaituma kliniki ili waikute asubuhi. Nikanawa mikono, nikamweleza kila hatua kabla ya kuifanya, na tukakubaliana kwamba akiinua mkono ninaacha. Kwa kijiti cha pamba nilijaribu kuukunja waya taratibu uelekee kwenye jino. Mara ya kwanza akainua mkono, nikaacha. Mara ya pili ukalala kidogo. Nikakausha mahali pale, tukaweka nta nyingi kuliko kawaida, akalala. Sikuthubutu kuukata, kwa sababu kipande kinaweza kumezwa au kuvutwa kwa pumzi. Leo asubuhi daktari wa meno wa hapa Tanga ameukata kwa koleo maalumu linalokishika kipande kilichokatwa, kazi ya dakika tatu. Jioni kete 3.

Ule mkono ulioinuliwa umenifundisha kitu. Aliinua mara moja tu, akaona kweli nimeacha, na baada ya hapo hakuhitaji kuuinua tena.

Jumamosi, 6 Julai

Shule imefunguliwa wiki hii. Mkobani ana mfuko mdogo wenye mswaki, dawa ya meno yenye floraidi, kijiboksi cha nta, kioo cha mkononi na kijiswaki chembamba cha kupitisha chini ya waya. Kwa siku kadhaa alikuwa akiukwepa ufizi wakati wa kupiga mswaki kwa kuogopa maumivu, ukawa mwekundu na kuvuja damu. Nilimwonyesha kwamba ufizi unavuja kwa sababu ya utando uliobaki pale, na kwamba utando huo ukikaa kuzunguka vishikizo huacha madoa meupe ya kudumu kwenye jino, yatakayoonekana siku vyuma vitakapotolewa. Amerudi kupiga mswaki polepole, mswaki umeelekezwa kwenye ufizi, na kufikia jana damu imekwisha.

Madrasa ilimpa taabu ambayo sikuifikiria. Herufi ya fa hutamkwa kwa ncha za meno ya mbele ya juu kugusa ndani ya mdomo wa chini, na ndipo penye kidonda chake kipya. Alikuwa anairuka, na ustadhi akadhani amesahau. Nilimwendea, nikampa shikamoo na kumweleza. Alimwambia asome kwa sauti ya chini kwa wiki moja, na kwamba mwenye kusoma kwa taabu ana malipo mawili. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi.

Meno 0, midomo 2.

Jumamosi, 20 Julai, Dar es Salaam

Ziara ya pili, wiki sita baada ya ile ya kwanza. Waya mwembamba umetolewa, umewekwa mnene zaidi. Daktari alipoinama kuanza, mtoto alimwomba kwanza amweleze hatua ni ngapi na ipi ina shinikizo, kisha akauliza kama akiinua mkono ataacha. Daktari alikubali. Sikuwa nimemfundisha kuuliza hivyo.

Chonge la kulia limeshuka. Kwenye kioo ncha yake sasa inakaribia mstari wa wenzake.

Alimeza parasetamoli saa moja kabla. Kwenye teksi nilitaka kumwambia kitakachotokea jioni, akanitangulia: "Saa kumi itaanza, kesho ndiyo kilele, nadhani kete 5, Jumanne nitakula ugali." Nimeyaandika makadirio yake hapa kama nilivyoyapokea.

Jumanne, 23 Julai, Tanga

Jumapili kilele kilikuwa kete 4. Jana kete 2. Leo mchana amekula ugali na mlenda na samaki aliyetolewa miiba, akitafuna kwa upande wa kushoto. Midomo imestahimili na hakuna kidonda kipya.

Jioni alichukua vikombe vyote viwili, akavimimina kwenye kiganja, akampelekea bibi yake kete zake kumi, akisema atakuja kuziazima tena ziara ijayo, tarehe 31 Agosti. Bibi alizihesabu, akazirudisha kwenye mashimo ya bao, akamwambia akae wacheze.